Filamu ya Migongo

Viti vya ukumbi nilivipanga kwa kamba. Niliifunga kutoka ukuta hadi ukuta ili kila mstari unyooke, na kiti kimoja cha plastiki kilichokuwa na ufa mguuni nikakiondoa, nikakificha nyuma ya jukwaa, kisha nikawa narudi kuchungulia kama kweli hakionekani.

Kazi yangu ni kupiga video za harusi hapa Nyasubi, mjini Kahama. Sijaisomea popote. Nimejifunza kwa kutazama video za watu kwenye simu na kwa kuharibu za kwangu. Mtu aliyejifunza mwenyewe ana hofu isiyolala: ipo siku atatokea aliyesoma, atazame kazi yake, atabasamu kidogo na kunyamaza. Kwa hiyo mimi hupanga. Nikimaliza kupanga, napanga tena.

Siku ile nilikuwa napanga kwa ajili ya filamu yangu ya kwanza ya kuigiza. Hadithi yake ni nyepesi: wazee walioacha kucheza ngoma miaka mingi wanarudi jukwaani, wanashinda, watu wanafuta machozi. Mhusika mkuu ni babu yangu mzaa mama, mkulima wa tumbaku huko Ushetu, ambaye zamani alikuwa manju, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma ya majembe. Yeye na wenzake niliwaomba waigize maisha yao wenyewe. Babu alikubali upesi mno, nami nikadhani anapenda filamu.

Walipanda jukwaani na njuga miguuni, majembe begani. Ukumbi nilikuwa nimeujaza majirani na wateja wangu wa harusi, nikawaambia wakae, wasisogee, wasiitazame kamera. Ngoma ikaanza, ikawa mbovu. Majembe yalirushwa na kudakwa kama watu wanaopokezana sahani za kuosha. Tukarudia, ikawa mbovu zaidi. Nilipotaka turudie tena, babu aliweka jembe chini akavitazama viti vyangu.

"Mke wangu," akaniita, maana ndivyo anavyonitania tangu utotoni, "hawa watu umewafunga?"

"Hapana, babu. Wamekaa."

"Basi umewakalisha. Sasa mimi nitajuaje kama ninawavuta?"

"Watapiga makofi."

"Makofi hata mbu anapigiwa."

Wenzake walicheka mpaka njuga zikalia zenyewe. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesahau jambo ambalo kila mtoto wa kwetu analijua. Ngoma zetu za mashindano hazichezwi kwa zamu. Baada ya mavuno, pande mbili, Wagika na Wagalu, hukutana katika uwanja mmoja na kucheza kwa wakati mmoja, kila upande na ngoma zake. Jaji hakuna. Watazamaji wana miguu, ndiyo kura yao. Upande utakaowavuta wengi umeshinda, na utakaobaki na wachache unarudi nyumbani bila kuambiwa kitu. Mtu aliyekalishwa kwenye kiti hajamchagua yeyote.

"Mara ya mwisho ulibaki na wachache?" nikamuuliza.

Babu alikagua kucha zake. Mpiga ngoma wake akamjibia. "Alibaki na sisi. Manju wa upande wa pili, wa kule Mhunze, aliwachukua wote. Hata bibi yako alikwenda."

"Alikwenda kumtafuta mbuzi," babu akasema.

"Mbuzi alikuwa amefungwa nyumbani."

Kumbe ndivyo ilivyokuwa. Nyumbani tuliambiwa siku zote kwamba babu aliacha ngoma kwa sababu ya magoti.

"Katika hadithi yako mimi ninashinda, si ndiyo?" akaniuliza. "Basi mlete huyo mzee, nimshinde."

Nililala vibaya wiki nzima. Mtu akiletwa kushindwa anaweza kushinda, na filamu yangu haikuwa na nafasi ya jambo hilo. Kwa hiyo, bila kumwambia babu, niliwapanga watazamaji. Niliwaeleza mmoja mmoja kwamba wazurure kwanza, halafu nikiinua kitambaa waende wote upande wake. Asubuhi ya siku yenyewe, katika uwanja wa kijijini kwa babu, huko Ushetu, nilichora mistari ya chokaa kuwaonyesha pa kusimama.

Babu aliiona kabla hata hajanywa uji. "Hapa unajenga nyumba?"

"Ni ya watu, babu. Wajue pa kukaa."

"Ifute."

"Hadithi inasema unashinda."

"Hadithi haijawahi kuniona nikicheza." Aliisogeza chokaa kwa ncha ya kandambili. "Ukiwapanga, yule mzee atakufa akijua sikumshinda. Na mimi nitakufa ninajua hivyo hivyo. Sasa hapo nani atakuwa amedanganywa?"

Nikaifuta kwa mguu, nikapita kwa watu wangu mmoja mmoja kuwaambia wasahau habari ya kitambaa. 

Manju wa Mhunze aliwasili na wenzake, mzee mwembamba mwenye kofia pana ya majani. Nilimpa shikamoo.

"Marahaba. Wewe ndiye mke wa yule anayejificha Ushetu?"

Babu alimpokea kwa mikono miwili, akamsalimu kwa Kisukuma. "Mwangaluka. Nasikia siku hizi unacheza kwa nguvu za vidonge vya presha."

"Nameza kimoja asubuhi. Kingine nikikukumbuka."

Ilikuwa Jumapili, kwa hiyo mbali na wanakijiji walikuja hata vijana wa maduara, wale wanaochimba dhahabu kwenye mashimo, vumbi bado liko kwenye nyusi. Ngoma za pande zote mbili zikaanza kwa pamoja. Mimi nilikuwa na kamera moja tu, nimeisimamisha kwenye stendi upande wa babu, nimekalia kile kiti chenye ufa. Nilikuwa nimekiazima kule ukumbini pamoja na vingine vya wageni, nikaona heri nikikalie mimi, asije akakiona mtu.

Mwanzoni babu alicheza vizuri kuliko ukumbini. Macho yake yalikuwa kule ng'ambo. Lakini yule mzee wa Mhunze alisimamisha mpini wa jembe juu ya paji la uso, akaachia mikono, akaanza kuchuchumaa taratibu mpaka akakaribia ardhi, na jembe halikutikisika. Watu wakaanza kuondoka. Waliondoka kwa adabu kwanza, wakirudi nyuma hatua kwa hatua, kisha wakageuka na kukimbia. Kwenye kioo cha kamera yangu yalibaki majani. Bibi naye akainuka.

"Nakwenda kutazama tu," akasema, bila kumwangalia mtu.

Babu alijaribu kuchuchumaa. Magoti yalikataa katikati ya safari, akashika jembe kama mkongojo. Nilitamani kuzima kamera. Ndipo aliponitazama, au nilidhani ananitazama mimi.

"Niletee hicho kiti."

"Kina ufa, babu."

"Kilete na ufa wake."

Akakaa. Wapiga ngoma walisitasita, naye akawaonyesha mwendo kwa mabega. Bega moja, la pili, kisha njuga za miguuni zikajibu. Alirusha jembe akiwa amekaa, akalidaka nyuma ya kiti. Ule mguu mbovu wa kiti ulipoinama, aliinama nao kama mtu anayeanguka, watu wachache waliobaki wakaguna, naye akanyooka akitabasamu. Kisha akaimba, wimbo aliokuwa anautunga pale pale: mjukuu wangu ana heshima, amenipa kiti, nikae nimtazame mzee wa Mhunze anavyotafuta sindano chini.

Waliocheka kwanza ni vijana wa maduara. Wakaja mbio, wengine wakawafuata kuona wanachekea nini, na kabla sijajua la kufanya, uwanja wote ulikuwa umesimama mbele ya kamera yangu. Niliwaomba wapishe, hakuna aliyesikia. Nikapandisha stendi juu, nikapata mashati. Nikaisogeza kando, nikapata khanga. Siku niliyoingoja kuliko zote, na kilichoingia kwenye picha ni migongo. Mwisho niliiacha kamera ijiendee yenyewe, nikapenya kwa viwiko kama wengine, maana na mimi nilitaka kuona.

Kwa hiyo niliona kwa macho yangu ngoma za Mhunze ziliponyamaza, na kofia pana ikija ikipasua watu mpaka mbele. Babu hakuacha kucheza. Alimtazama tu.

"Nimekuja kumtafuta mbuzi," mzee wa Mhunze akasema.

Babu alicheka hadi kiti kikavunjika kabisa. Mzee wa Mhunze ndiye aliyemsaidia kuinuka.

Nilipompelekea video nyumbani kwake nilianza kwa kuomba radhi. "Huonekani, babu. Ni migongo mitupu. Tunaweza kurudia, niwaweke watu pembeni."

"Iwashe kwanza."

Alitazama majani matupu akipuliza uji wake. Mgongo wa kwanza ulipoingia alisogea karibu na kompyuta. Iliingia mingine, naye akaanza kuitambua kwa kidole, huyu fundi baiskeli, huyu mwalimu wa kwaya, huu wa bibi yako, huu hata gizani siupotezi. Bibi alikuwa anachambua mchicha mlangoni, akajifanya hasikii. Mwisho ukaingia mgongo mwembamba, juu yake kofia pana.

"Simamisha hapo."

Nikasimamisha. Aliutazama mpaka uji wake ukapoa.

"Hii usiikate," akasema.

Sijaikata. Picha imelala kidogo upande wa kushoto, kwa kuwa mtu aliipiga stendi teke, na kila nikiifungua vidole vinaniwasha niinyooshe. Mpaka leo imelala vile vile.