Seremala wa Mabenchi Yetu

Nilifunga safari ya Marabo kwa hasira, wala sioni haya kulisema. Mama Dhesi, anayeuza makala, yaani makaa ya kupikia, mbele ya lango langu hapa Bigo, mjini Bunia, aliniletea ujumbe kutoka kwa Fundi Ngabu, seremala aliyetengeneza mabenchi yote ya kanisa letu kabla ya kuhamia Marabo. Fundi alikuwa mgonjwa sana wa kifua. Aliomba mtu wa kanisani aende amweleze habari za Yesu angali na pumzi.

Kamati ya uinjilisti iliupokea ujumbe kwa shangwe, kisha ikasema tungoje sare za kitenge. Wiki ya kwanza kitambaa hakikutosha. Wiki ya pili cherehani iliharibika. Wiki ya tatu wakagundua kwamba barabara si salama. Kama haipitiki, Mama Dhesi analetaje makala yake kutoka Marabo? Mgonjwa hangojei pindo la gauni!

Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, nilipanda pikipiki. Mama Dhesi alikuwa ameshaanza kupanga makala yake, akanitakia safari njema.

Njiani matope yalitushusha mara mbili, tukasukuma. Dereva aliniuliza ninapeleka bidhaa gani. Nilipomweleza alicheka, akasema watu wa dini anaowajua husafiri na vipaza sauti. Alisema kweli.

Marabo tulifika kabla ya saa nne. Mke wa Fundi alinikaribisha kwa chai na mihogo, akaniingiza chumbani. Fundi alikuwa amelala juu ya kitanda alichokiunda mwenyewe. Amekonda, mikono tu ndiyo niliyoitambua. Aliuliza tumekuja wangapi. Nikamwambia niko peke yangu, naye akafurahi, kwa sababu chumba kilikuwa kidogo.

Nilimweleza habari nilizobeba, bila mapambo. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema polepole:

"Mama, nilitengenezaka benchi zenu miaka kumi na mbili. Muliniita tu: Fundi, benchi inalia, leta misumari. Hii neno ya leo, ile wakati mulikuwa nayo?"

Nikakubali kwamba tulikuwa nayo.

"Sasa mulinifichaka juu ya nini? Sababu gani?"

Hasira yote niliyokuwa nimeibeba tangu Bunia kwa ajili ya kamati ilinigeukia. Mimi mwenyewe nilimsimamia mara ngapi, Biblia kwapani, nikimwonyesha mguu wa benchi uliolegea? Nikamwomba msamaha. Akasema amenisamehe, lakini niendelee, kwani kifua kilikuwa kinamchosha. Nilimsomea Biblia hadi adhuhuri. Mwishoni alimshika mkewe mkono wakaomba kwa kilugha chao. Sikuelewa hata neno, wala sikuwa na haja ya kuelewa.

Jioni nilikuwa Bunia tena, matope magotini, nikapita moja kwa moja kwenye kikao cha kamati. Mwenyekiti aliniuliza ni nani aliyenipa ruhusa, na kama nilipiga picha. Nilimuuliza kama analijua jina la mtu aliyetengeneza benchi alilokalia. Akawatazama wenzake. Hakuna aliyelijua, ingawa ujumbe wa mtu huyo ulikuwa mezani pao wiki tatu. Nikawaacha na vitenge vyao.

Nilidhani nimeshamaliza kukasirika. Kesho yake asubuhi nilifungua lango nikamwona Mama Dhesi akipanga makala, kama kila siku, kwa miaka sita. Yeye ndiye aliyebeba ujumbe wa Fundi kutoka Marabo. Nilimshukuru, nikaupokea, nikakimbia nao kanisani, na sikumuuliza kama yeye naye anataka kulisikia neno hilo.

Nilivuka barabara, nikamwambia nina jambo nililopaswa kumweleza tangu siku nyingi. Alisogeza gunia, akapangusa kigoda kwa upindo wa kitenge chake.

"Ikala, mama," alisema. "Kila siku ya Mungu unanipitaka apa na Biblia. Nikasema labda hii neno haiko ya watu ya makala."

Nikaketi.