Hodi Mara Tatu

Utasema nimechanganyikiwa na msiba. Sema tu, wengi wameshasema, na shemeji yangu alithubutu kunishauri nipumzike kufundisha. Lakini sikuwa na homa, sikuwa nimeonja pombe ya mbege, na mimi ni mwalimu wa lugha: neno nikilisikia, nimelisikia. Haya yalinitokea mwenyewe, hapa hapa Moshi, na mlango yalipotokea ndio ninaoufungua kila jioni.

Ninafundisha wageni Kiswahili cha kila siku, kwenye baraza ya nyumba moja kule Shirimatunda. Habari za asubuhi, naomba maji, choo kiko wapi. Watu hudhani ni kazi rahisi. Hebu jaribu wewe kumfundisha mtu kutamka "ng'ombe" wiki mbili nzima, kisha akuambie "ngo-mbe" huku anatabasamu! Nilikuwa mkali siku zile, sikatai. Nyumbani Kibosho baba yangu alikuwa kitandani. Hospitali walituambia tumrudishe akapumzike kwake, na tulielewa maana yake. Baba alikuwa na ombi moja tu: akifa, alazwe ubavuni mwa mama yake, kwenye kihamba chetu, shamba la ukoo.

Ombi dogo, sivyo? Basi hakukuwa na mtu aliyejua bibi kalala wapi. Bibi alifariki baba akiwa kazini Mwanza, mimi sijazaliwa. Barua ilimfikia mwezi umeshapita, akawakasirikia ndugu zake kwa kutomngoja, na hakukanyaga nyumbani mpaka alipostaafu. Waliomzika wote wamekwenda. Na zamani hawakujengea saruji. Walipanda sale juu ya kaburi, mmea ule ule tunaowekea mipaka. Kihamba chetu kimejaa masale kila upande. Niliwauliza majirani, na kila mmoja akanionyesha pake. Kila jioni baba alikuwa ananiuliza kama nimepata, na kila jioni nilikuwa namwambia bado.

Siku hiyo, kama saa tisa alasiri, wanafunzi walikuwa kwenye chai. Nimebaki mezani nasahihisha madaftari, na hatua chache kutoka kwangu kulikuwa na mama mmoja mgeni, mwanafunzi mzito kuliko wote, anakariri maneno yake. Nikainua macho, nikaona bikizee amesimama kwenye ngazi, mwembamba, kilemba kimefungwa kisogoni.

"Shikamoo bibi," nikasema.

Hakuitikia. Aliangalia midomo yangu.

"Mimi najua Kiswahili cha soko tu," akasema taratibu. "Bei gani. Punguza. Weka na nyongeza. Cha mlangoni sijui. Nifundishe."

"Cha mlangoni ndicho kipi tena, bibi?"

"Mtu amefika kwao. Waliomo ndani hawajui Kichagga. Ameita, ameita, hawamwitikii. Aseme nini?"

Hapo alinichoma kidogo, maana mimi mwenyewe Kichagga changu kinaishia kwenye "aika", asante. Nimezaliwa na kukulia Mwanza. Jioni nyingi kule Kibosho nilikuwa nasikia mtu anaita huko nyuma migombani, nikadhani ni majirani wanaitana, sikujisumbua hata kuchungulia.

"Aseme hodi," nikamjibu.

"Hodiii," akasema, akiuvuta mwisho.

"Hapana. Hodi. Fupi, bibi, usivute."

"Hodiii."

Mungu anisamehe, nilipiga meza kwa kalamu. Tulirudia mara saba, mara nane, mpaka akaipata kavu na fupi kama ilivyo kitabuni. Ndipo yule mwanafunzi wangu akauliza, "Mwalimu, wewe ongea na nani?"

Unajua nilifanya nini? Nilimsahihisha. "Siyo 'wewe ongea'. Sema 'unaongea na nani'." Akarudia vizuri, nikampongeza, yeye mwenyewe akafurahi. Swali lake sikulijibu. Wala sikulisikia, niamini, nilisikia kosa tu.

Nikamgeukia bikizee. Muda wa chai ulikuwa umeisha na nilitaka aondoke. "Unapiga hodi, unangoja uambiwe karibu. Ukiambiwa, unaingia. Kimya, unarudia. Mwisho mara tatu. Ya tatu usipojibiwa, unaondoka."

"Hata kama ni kwako?"

"Hata kama ni kwako, bibi. Ndiyo adabu."

Aliitikia kwa kichwa, akasema "aika", akashuka ngazi. Manyunyu yalikuwa yameanza.

Nilifika nyumbani Kibosho nimelowa, nimechoka, baba ameuliza lile swali lake na mimi nimejibu bado. Akasinzia. Giza lilikuwa linaanza kuingia. Nikakaa sebuleni, nikatandaza madaftari, kumejaa "mimi nataka kwenda choo" kurasa nzima. Kwenye mlango wa nyuma, unaotazama migombani, mtu akaita.

"Hodi."

Fupi, kavu, safi. Kule kwetu hakuna anayeita hivyo. Jirani anakuja huku anaongea tangu barabarani, hodi yake unaisikia akiwa ameshakaa. Nikajua huyu ni mwanafunzi wangu, amepanda bodaboda kunifuata hadi nyumbani ajizoeze. Nikakasirika. Hata jioni sina pumziko? Nikanyamaza.

"Hodi."

Nikageuza ukurasa. Niliwaza, nimewafundisha mwenyewe, ya tatu akikosa jibu atakwenda zake.

Ya tatu ilipokuja, alikuwa amesahau somo.

"Hodiii."

Hapo nikamjua. Na nikwambie kweli yote: sikuogopa. Laiti ningeogopa! Nilichukia. Bikizee huyu kanifuata mpaka huku? Kalamu iko mkononi, neno "karibu" liko mdomoni, neno ninalolitamka mara mia kwa siku kwa watu nisiowajua, na sikulitoa.

Chumbani baba akaita jina langu kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwake miezi mitatu. Nikakimbia. Alikuwa ameinuka kwa kiwiko.

"Umemwitikia?"

"Nani, baba?"

"Mama! Ndivyo alivyokuwa anatuita kutoka ng'ambo ya korongo, anauvuta mwisho. Mkaribishe, mwanangu. Haraka, mkaribishe!"

Nikarudi mbio, nikafungua mlango wa nyuma, nikapiga kelele karibu, karibu bibi, karibu ndani, mpaka jirani akawasha taa. Hakukuwa na mtu. Manyunyu yamelowesha ua wote, hakuna hata unyayo. Kizingitini palikuwa na jani moja la sale, bichi, limetoka kuchumwa.

Asubuhi nilizunguka kihamba na lile jani, natafuta sale lililochumwa. Nikakuta manne yamevunjwa majani, moja huku, moja kule, mbuzi wa watu wamepita. Nilikaa chini nikalia kwa hasira, mtu mzima mimi.

Usiku wa tatu baba alifariki. Tulimlaza karibu na sale moja kati ya yale manne. Waombolezaji wanapita wananiambia, angalau amelala na mama yake. Nami naitikia ndiyo. Sijui. Huenda nimemlaza baba yangu ubavuni mwa mpaka wa jirani.

Tangu hapo, kila jioni nafungua mlango wa nyuma, nasema karibu. Nimemwomba jirani anifundishe kulisema kwa Kichagga, nalo nalisema. Hajarudi. Ni mtu aliyeshika adabu, na mimi ndiye niliyemfundisha.

Kwa hiyo wewe unayesoma, kama wazee wako wapo, waulize leo nani kalala wapi, na uwaulize kwa lugha yao. Na ukisikia hodi, hata kama umechoka, hata kama umeudhika, itikia kwanza. Usihesabu.