Mama Rosalie na Vitabu Vilivyoachwa Mezani

Jirani wa Mama Rosalie, Darlene Kubat, anasimulia mpaka leo, wala hajabadilisha neno, kwamba asubuhi ya pili baada ya maziko ya mama huyo alipita mbele ya maktaba ya chuo. Theluji ilikuwa imeanguka usiku kucha hadi kufika magotini, mlango umefungwa, na pale mbele hapakuwa na unyayo hata wa paka. Akachungulia dirishani. Meza zote zilikuwa tupu isipokuwa ile ya pembeni, na juu yake kilikuwapo kitabu chenye jalada jekundu, kimefunguliwa. "Jana yake jioni nilichungulia hapo hapo, hakikuwepo," asema Darlene. "Niiteni mwongo, lakini macho yangu ni mazima." Waumini wa parokia ya Mtakatifu Wenseslaus wanaolihifadhi jambo hilo moyoni inawapasa kuyajua maisha ya mama huyu tangu mwanzo, ili waelewe kwa nini kitabu kilichoachwa mezani kinaweza kumliza mtu mzima.

Alizaliwa Rosalie Hruska tarehe 12 Machi 1924, katika shamba lililo maili sita kutoka mji wa Prosek, jimbo la Nebraska, Marekani, mtoto wa tano wa wakulima wa Kicheki. Alisoma hadi darasa la nane, kisha akaachishwa shule akakamue ng'ombe. Mwaka 1945 aliolewa na Emil Vondrak, mtu mpole aliyependa kuimba akilisha nguruwe. Mungu hakuwajalia mtoto, na mwaka 1963 trekta lilimpindukia Emil mtelemkoni, akafa. Mama Rosalie alivaa nguo nyeusi, akauza mifugo, akahamia mjini kwenye nyumba ya vyumba viwili. Miaka minne alikaa kimya, akioka kolache, yale maandazi ya Kicheki yenye plamu, kwa kila msiba isipokuwa wake.

Wito wake ulikuja Septemba 1967, chuo cha wilaya kilipofunguliwa ndani ya lililokuwa duka la mbegu. Alijiandikisha akiwa na miaka arobaini na mitatu, mmoja wa wanafunzi kumi na mmoja wa kwanza. Mkuu wa chuo, Harlan Teague, alimwona akifuta vumbi kwenye vitabu ambavyo hakuna aliyemwambia avifute, akampa ufunguo wa maktaba. Maneno aliyomwambia siku ile ndiyo yaliyokuwa kanuni yake mpaka kufa: "Mama, hiki ni chuo cha watu wa hapa. Atakayeingia mlangoni, mwanafunzi au si mwanafunzi, usimuulize amesoma mpaka wapi. Muulize anatafuta nini." Akayashika kama mtu anavyoshika ahadi ya ubatizo. Waliingia wauguzi wanafunzi, wafungasha nyama wa kiwandani, mabibi waliotafuta majina ya mababu zao. Aliyekuja kujikinga na baridi tu, alimsogezea kiti karibu na moto.

Jaribu kubwa lilimfika mwaka 1986. Mabenki yalikuwa yameshauza mashamba mengi ya wenye madeni, na wanaume waliopokonywa ardhi walikuja maktabani kila siku, kofia mkononi. Walisoma hapo hapo. Kuazima hawakutaka, maana kuazima ni kuandika jina, na majina yao walikuwa wamechoka kuyaona kwenye karatasi za mnada. Mmoja wao aliitwa Vernon Pospisil, mwenye miaka arobaini na sita. Alikaa meza ya pembeni akiwa amefunua gazeti, na ndani ya gazeti mlikuwa na kitabu chekundu cha kuwafundisha watu wazima kusoma. Mama Rosalie alikijua kitabu kile kwa rangi ya ukingo wake. Hakumwambia mtu.

Bodi ya chuo ikatangaza kwamba maktaba haitumiki, na chumba kitageuzwa karakana. Ushahidi wao ulikuwa karatasi ya Mama Rosalie mwenyewe. Kila jioni alihesabu vitabu vilivyoachwa mezani na kuchora mstari kwa kila kimoja. Hivyo ndivyo usomaji wa humo ndani, bila kuazima, ulivyojulikana. Mwezi mzima, chumba kikiwa kimejaa watu, alichora mistari mitatu. Watu wa Prosek wamelelewa kutoacha uchafu nyuma yao. Kila aliyesoma alikirudisha kitabu mahali pake, akapangusa na meza kwa mkono wa shati. Karani mmoja alimnong'oneza, "Ongeza tu mistari, Mama. Nani atajua?" Akajibu, "Nitajua mimi."

Jumapili iliyofuata alisimama ukumbini baada ya misa. "Jamani, mnaniua kwa adabu zenu! Acheni vitabu mezani."

"Tuache meza chafu?" mzee Ladislav Kucera akaruka. "Mama yangu atafufuka anichape!"

"Akifufuka mlete na yeye, nimhesabu."

Watu wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Vernon hakucheka. Mama Rosalie alimfuata mlangoni, akamwambia taratibu, "Na wewe, mwanangu, ukiweza. Usipoweza, nakuelewa." Vernon akavaa kofia, akaenda zake.

Siku ya mwisho ya mwezi bodi ilikuja kujionea. Meza zilikuwa zimefunikwa: vitabu vya injini, vya figo, vya wafalme. Wakasimama kwenye meza ya pembeni. Vernon alikuwa amekaa hapo, masikio yamemwiva. Mbele ya watu wote alikunja gazeti, akakiweka kitabu chekundu katikati ya meza, akatoka nje bila kofia. Mama Rosalie alichora mstari wa mia nne na kumi na mbili wa mwezi huo, na penseli ikamvunjikia mkononi. Maktaba ikabaki.

Alitumika humo miaka mingine kumi na tano, akafariki tarehe 9 Januari 2003. Kanisa halijamtangaza mtakatifu, nasi hatutangulii mbele ya Kanisa. Lakini maktaba ipo, wazi kwa yeyote, na kila meza ina kibao: "Tafadhali usirudishe." Anayetaka kumuiga ampokee mtu bila kumchunguza, asiseme uongo hata kwa jambo jema, na asione haya kuonekana akijifunza.

Padre Anselm wa parokia yetu anakusanya ushuhuda ampelekee askofu. Vernon, ambaye tangu mwaka 1988 alikuwa mfagizi wa chuo na mshika funguo, sasa ni mzee sana. Alhamisi iliyopita padre alimkuta kwenye meza ya pembeni, akaketi karibu naye.

"Mzee Vernon, asubuhi ile ya theluji. Kile kitabu ulikiweka wewe? Niambie tu, niandike."

Vernon alilowesha kidole, akafunua ukurasa wa kitabu kilichokuwa mbele yake, akaendelea kusoma.