Mgeni Aliyekuja Baada ya Maombi ya Mutwiri

Mtanicheka, najua. Mimi ni mwalimu wa hesabu, sikuwahi kuamini mambo ya mizimu. Lakini haya niliyaona kwa macho yangu mawili, mchana, nyumbani kwetu Muthara.

Kaka yangu Mutwiri aliacha shamba la miraa akaenda Malindi kuvua samaki. Boti lao likapotea baharini na watu watano. Haukupatikana mwili wala ubao. Kila mwaka mama huwaita watu wa kanisa tumwombee.

Mwaka juzi, waumini walipoondoka tu, akaingia mwanamume mwembamba amevaa koti la mvua. Koti la mvua, na jua lile! Akasema alivua samaki na Mutwiri. Akaeleza jinsi Mutwiri alivyotamani kule pwani mukimo wa mama, vile viazi vya kupondwa na mahindi, na vile alivyokuwa akiimba akiogopa. Mama akaanza kulia. Mimi nikawaza, huyu ni tapeli. Wewe ungewaza nini?

"Nionyeshe kitambulisho," nikamwambia.

"Kilizama, dada."

"Kilizama wapi?"

Akamgeukia mama. "Mama, nimewasikia mkiomba. Mnamtaja Mutwiri peke yake. Sisi wengine hatutajwi popote."

Sisi wengine? Si wote watano walikufa? Nikafungua mlango. "Toka! Usimchezee mama yangu."

"Mwache ayaseme hayo majina," mama akasema, akichukua kalamu.

Yalikuwa manne. Mama akayaandika nyuma ya Biblia yake. La mwisho lilikuwa Charo. "Hilo ndilo langu," mgeni akasema, akatoka.

Nilimfuata mbio hadi kwenye geti nione anaingia boma gani. Barabara yetu imenyooka, unaona hadi sokoni. Niamini, hapakuwa na mtu.

Jioni nilimpigia mwenye boti. Akanitumia picha ya wavuvi wake kwa simu. Mgeni wetu alikuwamo, amemwekea Mutwiri mkono begani.

"Huyo ni Charo," mwenye boti akasema nilipomuuliza. "Alizama nao. Maskini, hakuwa na ndugu hata wa kumlilia."

Siku hizi maombi yakifika, mama ananipa mimi nisome majina yote matano. La Charo hulisoma mara mbili, kwa sababu nilimfukuza mtu ambaye alitaka kutajwa tu.

Kama una mtu wako aliyepotea pamoja na wenzake, tafuta majina ya hao wenzake leo. Usingoje wakuletee wenyewe.