Fundi wa Ruta na Simu ya Alhamisi

Fundi aliyekuwa akitengeneza ruta hapa Kasulu, kwenye chumba kidogo nyuma ya maduka ya vitenge, amefariki dunia. Mkewe alinipigia Jumatatu asubuhi, wakati ukungu ulikuwa mzito hata lango langu silioni. Malaria ya siku nne tu, alisema. Nilijifunga kanga nikaenda hadi pale chumbani kwake, sijui kutafuta nini. Mlango ulikuwa na kufuli. Nilipochungulia kwenye ufa wa ubao niliona taa ndogo za kijani zikiwaka na kuzimika juu ya rafu, hapa moja, kule nyingine, kama watu wanaonong'onezana baada ya mwenye nyumba kutoka. Vifaa vya wateja vilikuwa bado vinaendelea na kazi aliyoviachia. Nikarudi nyumbani haraka.

Wazazi wake walitoka Burundi; yeye alikulia upande wa Kibondo, akapata uraia na kuoa hukohuko, kijiji cha Kitahana. Kompyuta alijifunza akiwa mfagiaji katika ofisi ya shirika moja kwenye kambi ya wakimbizi, kwa kuchungulia tu juu ya mabega ya wengine. Kazi yake ilikuwa kufufua ruta, yale maboksi yanayogawa intaneti ndani ya nyumba. Kiwanda kikishaliuza boksi hulisahau baada ya miaka michache. Linakuwa zito kufanya kazi, watu wanalitupa. Yeye alikuwa akiliokota, anafuta programu ya kiwandani na kuweka programu huria, ile iliyoandikwa na watu wa nchi mbalimbali wakaiacha wazi, yeyote aisome na airekebishe. "Walioiandika siwajui, Mama, nao hawanijui," aliniambia kwa Kiswahili chake cha taratibu chenye lafudhi ya Kirundi. "Ila hawakunificha kitu."

Nilimpelekea ruta yangu mwaka jana. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba mume wangu alikuwa amefariki miezi kadhaa kabla, kwa ajali ya pikipiki kwenye barabara ya kutoka Kibondo. Tuliambiwa alikufa papo hapo. Simu yake haikuonekana, na ndugu, kwa haraka ya kuwatafuta watu wake, wakaisajili upya laini yake kwenye simu nyingine siku ileile. Fundi aliniuliza kama abadilishe jina la waifai na nywila. Nikamwambia aviache vilevile, kwa kuwa aliyevichagua ni marehemu. Alipomaliza akanionyesha ukurasa ambao ruta yangu haikuwa nao zamani: orodha ya kila kifaa kilichoingia kwenye mtandao wa nyumba, na saa kilipoingia. "Sasa boksi hili linakutii wewe," alisema. "Ukiona jina usilolijua, niite."

Wiki mbili baadaye niliona jina ninalolijua. Ilikuwa simu ya mume wangu. Aliipa mwenyewe jina la utani alilobandikwa na babu yake huko Muyama, jina ambalo hakuna mwingine aliyelitumia. Iliingia Alhamisi saa nne na dakika kumi asubuhi, ikakaa robo saa, ikaondoka. Saa hizo za Alhamisi mimi huwa kanisani na akina mama, na nyumba haina mtu. Alhamisi iliyofuata ikaja tena. Na iliyofuata. Mimi, ambaye kwenye safu hii nimewacheka wengi wanaoogopa mizimu, nikaanza kupita sebuleni bila kutazama kiti chake. Koti lake lililoning'inia nyuma ya mlango nikalikunja nikalifungia sandukuni, nikimwomba radhi kwa sauti.

Mwishowe nikamwita fundi. "Bwakeye, Mama," alinisalimu, akaketi, akaisoma orodha mara mbili. Hakucheka.

"Niambie ukweli," nikasema. "Kifaa kimeharibika, au mimi ndiye niliyeharibika?"

"Kifaa kizima, nawe mzima. Simu ipo, bado inaikumbuka nywila, na kuna mtu anaileta."

"Nani?"

"Hilo ruta haijui."

Alhamisi iliyofuata sikwenda kanisani. Tulikaa sebuleni, mapazia tumeyashusha, kompyuta yake magotini. Nje ukungu ulikuwa haujaondoka. Saa nne ilipopita kidogo, jina likatokea. Pembeni yake palikuwa na namba inayoonyesha nguvu ya mawimbi, na namba ile ikaanza kupanda. "Yuko barabarani," fundi alinong'ona. Kisha, "Anakaribia." Kisha, "Amesimama. Yuko langoni." Mbwa wetu hakubweka. Kwa kitambo nilihisi kabisa kwamba nikifunua pazia nitamwona mume wangu amesimama, anangoja afunguliwe. Hofu ikageuka hasira. "Toka umkamate!" nikamwambia. "Mimi nampigia mjumbe wa mtaa!"

Akaifunga kompyuta taratibu. "Mama, mwizi haji na kitu kwa mwenyewe kila wiki. Ukimkimbiza utapata simu tu. Mfungulie, umkaribishe."

"Siwezi."

"Basi twende wote."

Langoni alikuwa mama wa rika langu, kapu la maharage kichwani, tayari anageuka aondoke. Fundi akamsalimu kwa Kirundi na mabega ya yule mama yakashuka. Tulipomweka kitini, alisimulia huku ameikumbatia simu kwa mikono miwili. Siku ya ajali alikuwa analima kando ya barabara. Pikipiki iliteleza mbele ya macho yake. Mume wangu hakufa papo hapo. Yule mama alimlaza nyasini, akampakata kichwa, na mume wangu akampa simu anipigie; ilikuwa imefungwa kwa alama ya kuchora kwa kidole, na nguvu za kumwonyesha hakuwa nazo tena. Alimwelekeza nyumba tu: lango la kijani, nyuma ya kanisa. Gari lilipofika watu walimsukuma pembeni, simu ikabaki ndani ya kitenge chake. Aliichaji kila siku akingoja ilie. Haikulia, kwa sababu laini yake sisi tulikwisha kuiua. Alikuja msibani, akaona askari kati ya waombolezaji. Huyo ni shemeji yangu. "Watu wa kwetu Burundi tukikutwa na kitu cha mtu, nani atatuamini?" aliuliza. Tangu hapo, kila Alhamisi ya gulio alikuja nayo, akasimama langoni akijipa moyo, moyo ukakataa.

"Alisema neno?" nikamuuliza.

"Alisema, 'Mwambie ale, asinisubiri.'"

Siku ya ajali nilikuwa nimefunika chakula mezani nikimsubiri, hadi walipokuja kuniambia. Nililia mbele ya mgeni nisiyemjua, naye akanishika mkono. Fundi alikuwa ameshatoka kwenda barazani zamani, ili asisikie yasiyomhusu.

Baadaye nilimwomba aiache ile orodha. Akanishauri tuizime. "Ukiiacha utakuwa unakaa mbele yake unangoja," alisema, na alikuwa sahihi, kwa maana nilikuwa nimeanza. Ndipo nilipoelewa kazi ile ilimpa mamlaka gani. Nusu ya mji huu ruta zetu zilipita mikononi mwake. Angetaka, angejua nani yuko nyumbani, nani katoka, nani kamtembelea nani. Mke wa fundi ameniambia kwamba mheshimiwa mmoja alimtaka marehemu aweke mtego wa aina hiyo kwenye nyumba anamokaa mke wa mheshimiwa huyo. Fundi alimrudishia ruta yake bila kuigusa.

Fundi tumemzika Kitahana. Mama wa maharage alikuja pia, tukakaa mkeka mmoja. Siku hizi kila mtu anataka vifaa vya kuona zaidi: kamera getini, simu inayomfuatilia mtoto, boksi linalohesabu wageni. Mimi kifaa kilinionyesha saa, dakika na umbali, nami katika hayo yote niliona mzimu, kisha nikaona mwizi. Mtu mwenyewe nilimwona nilipofungua lango. Na nisingelifungua kama pembeni yangu asingekuwapo fundi aliyejua kuona, na akajua pia kutoka nje.