Kila Nyumba ya Sita

Baba yangu akitaka jambo lake lifanyike, huanza kwa kunisifia. Kwa hiyo aliponipigia simu kutoka Tanga na kuniambia kwamba katika ukoo wetu mzima hakuna anayejua kuuliza watu maswali kama mimi, nilijua kuna kazi inakuja, tena ya bure. Dada yake mkubwa, yaani shangazi yangu, anaishi peke yake Magamba, juu ya Lushoto, karibu kabisa na msitu, katika nyumba waliyokulia wote wawili. Mumewe alishafariki, na binti zake wameolewa mbali. Baba alikuwa ameshapaka rangi chumba cha uani nyumbani kwake Tanga, tayari kumchukua.

"Wewe si unakwenda huko na watafiti wenzio? Fikia kwake, mwangalie vizuri. Ukiniambia anaweza kuishi, nitamwacha. Ukiniambia hawezi, nakuja na gari mwenyewe."

"Na yeye anasemaje?"

"Yeye kila ukimwuliza ni alhamdulillah tu. Ndiyo maana nakutuma wewe."

Basi nikapanda mlima nikiwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mshahara: utafiti wa maisha ya wazee wa milimani, wanaishi na nani, wana nini ndani, nani huwasaidia. Ya pili ndiyo hiyo ya baba, na hiyo ndiyo iliyoninyima raha.

Shangazi hakuambiwa na mtu. Alijua tu. Nilimkuta jikoni, sweta juu ya kanga, anamenya mbatata. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza habari za njiani, za kazi, za mama, za kuku wa mama, halafu bila kuinua macho akasema, "Umetumwa."

"Nimekuja kikazi, shangazi."

"Umetumwa na baba yako. Mwambie Tanga joto, nitaoza kama nyanya." Nikacheka. Yeye hakucheka. Akaweka kisu chini. "Sitaki kutoka hapa, mwanangu. Nimezaliwa hapa, nimezika mume hapa. Huko nitakuwa mgeni mpaka nife, nasubiri kukaribishwa chai."

Nilitamani kumkumbatia papo hapo, lakini shangazi si mtu wa kukumbatiwa mikono yake ikiwa na tope la mbatata. Nikamwahidi nitasema nitakachokiona, basi. Akaguna.

Kesho yake tukaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, mimi, mwenzangu mmoja kijana wa Mwanza aliyekuwa amevaa kila nguo aliyokuja nayo kwa baridi, na msimamizi wetu, mama mmoja mpole ambaye hajawahi kupandisha sauti wala kubadili msimamo. Tukachora ramani, tukazipa nyumba namba, tukapiga kura ya nyumba ya kuanzia, kisha tukawa tunachukua kila nyumba ya sita.

Mwenyekiti alifuatilia kidole cha msimamizi kwenye ramani kwa masikitiko. "Sasa huyu mnamruka kwa kosa gani? Ana nyumba nzuri, ana sebule."

"Hana kosa, mzee. Tukichagua wenyewe, tutakwenda kwenye nyumba zenye njia nzuri na wenyeji wachangamfu."

"Na hizo ndizo za kumpeleka mgeni!"

Msimamizi akamweleza tena taratibu. Kwamba tunataka kujua wazee wote wanaishije, si wale wa nyumba nzuri peke yao, na kwamba kura haimwonei mtu haya wala haimpendelei. Mwenyekiti akakubali kwa adabu, kama mtu anavyokubali dawa chungu. Ila akatoa sharti moja: yeye ataziarifu nyumba zilizochaguliwa tangu jioni ya kuamkia siku yao, watu wasije wakaenda shambani tukakuta milango imefungwa. Tukaona ni la busara. Tena tukamshukuru.

Jamani, kuruka nyumba Magamba si kazi ya mchezo! Huwezi kupita mlangoni kwa mtu kimya kimya kama mwizi. Lazima usimame, usalimie kwa Kishambaa, "Onga mshi," uulizwe unakwenda wapi, ujibu, na mwenye nyumba akishajua kwamba unakwenda kwa jirani na si kwake, uso unamshuka. Bibi mmoja alituambia, "Pita tu, mimi naona sikuzaliwa na watu." Kijana wa Mwanza alitaka kuingia amhoji kwa huruma. Nikamvuta koti.

Nyumba ya kwanza tuliyoingia ilikuwa imefagiliwa mpaka uwanja una mistari. Ndani kulikuwa na viti, mikeka, vikombe vya udongo vyenye maua, na katikati ya meza, chupa ya chai. Nyekundu, mkono wake umefungwa kwa kipande cha kanga ya kijani.

Ile kanga ilikuwa yangu. Mkono wa ile chupa niliuvunja mimi mwenyewe mwaka niliomnunulia shangazi, nikaufunga kwa kanga yangu iliyochanika.

Tulikuwa na orodha ya vitu vya kuuliza: kaya hii ina chupa ya chai? Ina kiti chenye mgongo? Blanketi? Redio? Mzee mwenye nyumba akawa anaonyesha kwa kidole, hiki hapa, kile pale, na mimi nabonyeza ndiyo, ndiyo, ndiyo kwenye kishikwambi. Ndipo nikatazama nilichokalia. Kilikuwa kiti cha mbao ya mkulo, mkono wa kulia una alama nyeusi ya pasi ya mkaa. Kiti cha babu yangu! Nilikuwa nimekalia urithi wa shangazi nikimhoji mtu mwingine kabisa.

Nyumba iliyofuata, tena chupa ileile na kiti kilekile. Kesho yake, vivyo hivyo.

Roho iliniuma mno. Nilikuwa nimeona tangu nifike kwamba nyumba ya shangazi ina nafasi nyingi kuliko ninavyokumbuka. Kila nikimwuliza kitu alisema "kipo," akageukia moto. Nikajumlisha mambo kichwani, nikapata jibu baya: shangazi anauza vyombo, au ananyang'anywa. Mzee peke yake, majirani wanamchuna taratibu, na yeye anaona haya kusema.

"Shangazi, chupa ya chai iko wapi?"

"Ipo."

"Ipo wapi?"

"We mtoto, umetumwa kuhesabu sufuria zangu? Kunywa chai."

Chai yenyewe ilikuwa imechotwa kwenye sufuria kwa kata. Nilishika simu nikaitazama namba ya baba, nikairudisha mfukoni. Nilijua nikimweleza nilivyoona, gari litapanda kesho yake. Nilimkasirikia shangazi kwa kunificha, na nilimpenda hata kumtazama nikashindwa.

Asubuhi iliyofuata tukapata habari kwamba nyumba moja iliyochaguliwa wameondoka wote alfajiri kwenda msibani Mgwashi. Kwa hali kama hiyo tulikuwa na namba za akiba, vikaratasi vimekunjwa ndani ya bahasha ya msimamizi. Akachomoa kimoja mbele ya mwenyekiti, akakifungua, akanitazama.

Ilikuwa nyumba ya shangazi.

Nikamwomba achomoe kingine. Nikamwambia ni damu yangu, si sawa. Akanijibu kwa upole wake ule, "Wewe hutamhoji, atamhoji mwenzako. Lakini nyumba haibadilishwi. Leo tukiruka unaowapenda, kesho tutaruka wasiotupenda, mwishowe tutakuwa tumechagua wenyewe." Nilikuwa nafikiria jambo moja tu: kwamba sasa unyonge wa shangazi utaandikwa rasmi, na mimi sitaweza kumwambia baba nisichokiona.

Shangazi alipomwona kijana wa Mwanza anapiga hodi, alishika kiuno. "Wenzangu wote mnawaambia jana yake! Mimi mnanivamia kama mgambo?" Akatoka mlangoni, akavuta pumzi kumwita jirani wa ng'ambo ya bonde. Halafu akasita. Kule kwa jirani ndiko msimamizi alikokuwa ameingia muda huohuo kwa mahojiano mengine.

"Yule mama yenu mkubwa yuko kule?"

"Yuko kule, shangazi."

"Ameshakaa?"

"Ameshakaa."

"Basi." Akarudi ndani. "Siwezi kumnyanyua mgeni kwenye kiti."

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa, polepole kama mjinga. Kijana wa Mwanza akakalishwa juu ya ndoo iliyofunikwa kanga, akapewa mbatata za moto na matunda damu ndani ya sahani. Mimi nilipaswa kwenda mbali, nisisikie. Nilikwenda jikoni. Jikoni kwa shangazi ni mbali kadiri ya ukuta wa fito, na shangazi hajawahi kuzungumza chini chini maishani mwake. Majibu ya mtu ni siri ya kazi yetu, lakini haya ninayoyasimulia kaniruhusu mwenyewe, tena kaniagiza nisipunguze.

"Bibi, kaya hii ina chupa ya chai?"

"Ipo."

Nadhani kijana anatafuta kwa macho. "Mbona siioni?"

"Iko kwa watu. Wamepata wageni. Nyinyi."

"Kiti chenye mgongo?"

"Kipo, kiko kwa watu."

"Redio?"

"Ipo. Nayo iko kwa watu. Mwanangu, wewe kwenu Mwanza mgeni akija kwa jirani, mnamwachia jirani aaibike peke yake?"

"Hapana, bibi. Lakini hapa niandike ndiyo au hapana?"

"Andika viko kwa watu."

"Hakuna sehemu hiyo, bibi."

Shangazi akasikitika sana kwa ajili ya kishikwambi. Kijana akabonyeza hapana, hapana, hapana, nikamsikia akihema. Mara, "Hodi!" Mwanamke wa nyumba ya juu kaingia mbio, chupa nyekundu mkononi, anaomba radhi kwamba hakuambiwa. Kijana akarudi nyuma kwenye swali la chupa, akabadilisha. Hajamaliza, "Hodi!" tena, mtu na blanketi. Akafuata mzee mmoja na redio kwapani, inaimba. Kila mlango ukifunguliwa kijana anarudi kwenye orodha, anafuta hapana anaandika ndiyo, na uwanja unajaa watu wanaomgombeza mwenyekiti kwa Kishambaa, iweje mama wa watu afikiwe na wageni bila taarifa. Yule bibi aliyerukwa naye alikuwepo, kaleta kijiko kimoja. Nilicheka pale jikoni mpaka machozi, na baadaye nikagundua si ya kucheka tu.

Yakaja maswali ya mwisho. "Bibi, ni lini mara ya mwisho ulikaa siku nzima bila kuonana na mtu yeyote?"

Shangazi akamtaka arudie. Akarudia.

"Siku nzima? Kwani nilikuwa nimefungwa?"

Jioni msimamizi alikaa na vishikwambi vyetu akivipitia. Kila nyumba tuliyoingia ilikuwa na chupa ya chai, na chupa ilikuwa moja. Hakukasirika. Akasema watu hawakudanganya, sisi ndio tuliopiga kura ya nyumba, wenyewe wakatupokea kama kitongoji. Tangu siku hiyo tukaongeza swali, kitu hiki hulala wapi. Na alipotakiwa kuchagua sehemu moja ya kurudi kuifanyia utafiti wa muda mrefu, wenzake walitaka kitongoji cha kawaida, chenye majibu yaliyonyooka. Yeye akachagua hiki, kwa sababu kilikuwa kimemharibia jedwali.

Jioni hiyohiyo mimi nilitoka nje nikasimama karibu na matuta ya karoti, mahali panaposhika mtandao, nikampigia baba. Akapokea kabla haijaita vizuri.

"Niambie ukweli. Ana nini ndani?"

"Leo asubuhi alikuwa hana kitu, baba. Hana kiti, hana chupa, hana redio."

"Si nilisema! Nakuja kesho."

"Ngoja kwanza." Nikamweleza yote, kiti cha babu kilivyozunguka, redio iliyoingia ikiimba, bibi wa kijiko. Nikamwambia na lile swali la mwisho, na jibu. Nikamwambia moshi wa shangazi ukichelewa kidogo tu kupanda asubuhi, mtu wa ng'ambo ya bonde anauliza kuna nini. "Nimemwangalia vizuri, baba, kama ulivyoniagiza. Mwache. Nakuomba, mwache hapa."

Mama yuko Dar kwa dada yangu mwezi wote huu, na nikasikia nyuma ya baba nyumba ilivyo kimya.

"Lile swali," akasema. "La siku nzima."

"Ndiyo, baba."

"Mimi jana." Akakohoa. "Na juzi, nafikiri."

Akaniwahi kabla sijamjibu, kwa sauti yake ile ya kutoa amri. "Mwulize shangazi yako kile chumba changu cha zamani kama bado kipo."

Nikarudi jikoni nikamkuta anamimina chai kutoka kwenye chupa nyekundu. Nikamwambia baba anauliza chumba chake. Akasimama na kikombe mkononi, kisha akageuza uso kwenye moto.

"Mwambie chumba kipo," akasema. "Kitanda ndiyo kiko kwa watu."