Mkebe wa Kucha za Mtemi

Kila Jumamosi Asumpta alipiga magoti kwenye zulia la fleti yao ya mtaa wa Dixon, Toronto, akamkata Elkana kucha za miguu. Zilikuwa nene, za manjano, na zilinuka. Kazini, kwenye makao ya wazee, aliwasafisha watu wazima kutwa nzima bila kuona kinyaa. Kinyaa kilimngoja nyumbani.

Elkana hakuwa na kazi, alikuwa na cheo. Babu yake alikuwa mtemi kule Tanzania, na ingawa utemi wenyewe ulifutwa zamani, yeye alijiita Mtemi na kubeba usinga hata akienda kununua maziwa. Walipoanza kuishi pamoja alimweleza Asumpta kwamba mtemi hajikati kucha, na zikikatwa hazitupwi, adui asije akazipata akamroga. Huzitunza mke wa nyumba, yeye peke yake. Asumpta alilainishwa na neno hilo, mke. Posa haikuja, ndoa haikuja, akazaliwa binti yao Valerie, na mkebe wa siagi chini ya sinki ukazidi kujaa kucha. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, alijifariji. Uongo mtupu. Alikuwa akiliwa.

Kisha wazee wawili wa ukoo wakaja Toronto kumpima huyu anayedai kiti cha babu yake. Kungekuwa na tambiko: mtemi hupiga funda la pombe na kuwapulizia watoto wa ukoo kifuani, na aliyepulizwa huhesabiwa damu yao. Asumpta hakutaka kingine, ila Valerie apulizwe. Alipika tangu jana yake, akamsuka mtoto nywele hadi vidole vikamuuma.

Elkana akajifunga kitambaa chenye madoa ya chui na kumimina bia ya kopo ndani ya kibuyu. Watoto wa binamu zake wakapulizwa mmoja mmoja. Valerie akasogea, kidevu juu, macho ameyafumba. Elkana akamruka. Mzee mmoja akauliza binti huyo ni wa nani.

"Wa mpishi," alisema Elkana, akajifuta midomo.

Kumbe alikwishawaambia wazee kwamba hajaoa, anangoja binti wa ukoo wa heshima. Valerie alimuuliza mama yake kwa Kiingereza kwa nini baba amemruka. Asumpta akaenda jikoni, akainama chini ya sinki, akarudi na mkebe, akaufunua mezani katikati ya pilau na kachumbari.

"Za nani hizi?" aliuliza mzee.

"Za Mtemi. Zimetunzwa na mpishi."

Mzee alisukuma sahani yake kando. Akamwambia Elkana polepole kwamba anayempa mpishi kucha zake hajui mila, na anayemkana mtunza kucha zake hana haya, kwa hiyo achague mwenyewe yeye ni yupi. Elkana akaona kiti kinamponyoka. Akamshika Asumpta mkono kwa kiganja kilicholowa bia.

"Wazee, nilikuwa natania. Huyu ni mke wangu. Valerie, njoo nikupulizie."

Valerie alimtazama mama yake. Asumpta akauchomoa mkono, akaufuta kwa aproni, kisha akamvalisha mtoto koti na kumfunga zipu hadi shingoni.

"Mimi ni mpishi," alisema. "Na leo nimeacha kazi."